Shindano la kwanza baada ya jeraha refu: kupokezana, akwabaiki, sprinti, duathloni au nusu Ironman?

Daktari akikuruhusu kurudi mazoezini, hajakuruhusu bado kushindana. Hizo ni ruhusa mbili, na kati yake kuna miezi ambayo wanatriathloni, yaani wanaoogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia katika shindano moja, wengi huitumia vibaya. Mtu aliyekaa nje mwaka mzima kwa sababu ya kano ya kisigino, goti lililofanyiwa upasuaji, ufa wa mfupa au bega, siku pumzi ikianza kurudi hufungua kalenda ya mashindano na kujikuta njia panda. Rafiki zake wanamtaka awe mtu wa tatu kwenye timu ya kupokezana. Kocha anamshauri aanze na sprinti, yaani triathloni fupi. Moyo wake uko kwenye nusu Ironman, triathloni ndefu, ileile aliyokuwa akijiandalia alipoumia.

Makala hii inazipima njia tano kwa vigezo vilevile. Namwandikia mshindani wa kawaida, mwenye kazi na familia, anayelipa ada kutoka mfukoni mwake. Wanaolipwa kukimbia wana watu wa kuwapima kila wiki, kwa hiyo mifano yao itumike kwa tahadhari, nami nitaeleza kwa nini.

Kinachorudi mapema na kinachochelewa

Ukiacha mazoezi, maji ya damu hupungua ndani ya wiki mbili za kwanza, moyo unasukuma damu kidogo kwa kila pigo, na ngazi za ghorofa moja zinakutoa jasho. Habari njema ni kwamba upande huo hurudi upesi. Wiki sita hadi nane za mazoezi ya kufuatana zinatosha kumfanya aliyewahi kuwa imara ajisikie tena mwanamichezo.

Kano, mifupa na gegedu haviendi kwa mwendo huo. Kano hupata damu kidogo kuliko msuli, ndiyo maana hupona na kukomaa polepole. Mfupa ukipewa kazi mpya huanza kwa kubomoa sehemu kuukuu kabla ya kujenga mpya, na mzunguko huo mzima huchukua miezi. Hivyo kuna kipindi ambacho pumzi imesharudi lakini mguu uko nyuma kwa miezi mitatu au zaidi. Kipindi hicho ndicho cha hatari, kwa sababu ndani yake unajisikia vizuri kabisa. Ushauri wangu wote hapa chini umesimama juu ya jambo hilo: chagua shindano kwa kuangalia tishu inayochelewa zaidi kupona, hata kama pumzi inakuambia unaweza zaidi ya hapo.

Fani tatu za triathloni hazilemei mwili kwa namna moja. Katika kukimbia, kila mguu unapotua hupokea nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, na kilomita 5 ni hatua zaidi ya 4,000. Kwenye baiskeli tandiko limebeba sehemu kubwa ya uzito, na mguu unazunguka bila kugonga chini. Majini miguu inapumzika, lakini bega linazungushwa mamia ya mara kwa mita 750 tu.

Watu hupenda kumtaja Alistair Brownlee, mwanatriathloni wa Uingereza. Alichanika kano ya kisigino mwanzoni mwa 2012, akaendelea na mazoezi ya kukimbia ndani ya maji, akashinda mbio za Kitzbühel, Austria, mwezi Juni na kuchukua dhahabu ya Olimpiki London mwezi Agosti. Ni kweli yote. Lakini Jan Frodeno wa Ujerumani naye, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki 2008, alipopata ufa wa mfupa eneo la nyonga mwaka 2018 aliiacha Kona, mashindano ya ubingwa wa dunia wa Ironman huko Hawaii, ya mwaka huo, akarudi Oktoba 2019 na kushinda kwa saa 7:51:13, rekodi ya njia ile kwa wakati huo. Mmoja alihesabu miezi, mwingine alisubiri mwaka. Walikuwa na majeraha tofauti, na kila mmoja alikuwa na wataalamu wanaomwangalia. Hakuna kati yao anayekupa kalenda yako.

Vigezo vinne

Cha kwanza ni mzigo: shindano hili linailemea vipi sehemu iliyoumia, si siku ya mbio pekee bali pia katika wiki za maandalizi?

Cha pili ni maandalizi: linadai muda gani, na unahitaji kuwa umefika wapi kabla ya kuanza kujiandaa?

Cha tatu nakiita mlango wa kutokea. Ukisikia maumivu yasiyo ya kawaida katikati ya mbio, ni rahisi kiasi gani kusimama? Hapa sizungumzii umbali wa kurudi ulikotoka peke yake. Nazungumzia pia fedha ulizolipa, watu waliokusindikiza na wenzako wanaokutegemea. Kigezo hiki ndicho kinachosahaulika sana, na kwa maoni yangu ndicho kinachotenganisha aliyerudi salama na aliyerudi kitandani.

Cha nne ni taarifa: baada ya shindano, utakuwa umejua nini kuhusu mwili wako ambacho mazoezi hayakukuonyesha?

Kuna masharti ya chini kabla ya njia yoyote kati ya hizi. Wataalamu wa fiziotherapia wengi hutumia kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10. Wakati wa mazoezi yasipite 3, na kesho yake asubuhi yawe yamerudi pale yalipokuwa kabla. Nguvu ya upande ulioumia ifike angalau asilimia 90 ya upande mzima, na ipimwe, isikadiriwe kwa macho. Kwa kisigino na shavu la mguu, kipimo cha nyumbani ni kusimama kwa mguu mmoja na kuinuka kwa vidole, kisha kulinganisha idadi ya kila upande. Ukikuta kulia 25 na kushoto 14, huna haja ya kusoma zaidi leo.

Timu ya kupokezana

Hapa watu watatu hugawana fani: mmoja anaogelea, wa pili anaendesha, wa tatu anakimbia, na chipu ya muda inahamishwa kutoka kifundo cha mguu cha mmoja kwenda kwa mwingine ndani ya eneo la kubadilishia. Usichanganye na ile ya mchanganyiko wa wanaume na wanawake iliyoingia Olimpiki katika michezo ya Tokyo. Ile ina watu wanne, na kila mmoja anafanya fani zote tatu kwa umbali mfupi.

Mzigo. Unachagua fani isiyogusa jeraha lako, na hiyo ndiyo raha yake kubwa. Mwenye mguu mbovu anaogelea, mwenye bega bovu anakimbia au anaendesha. Tatizo liko kwa anayepewa kukimbia. Katika triathloni kamili unaanza kukimbia ukiwa umechoka, na uchovu ule unakupunguzia kasi utake usitake. Katika timu unaanza ukiwa mbichi, umesimama saa nzima au zaidi ukimsubiri mwendesha baiskeli, misuli imepoa, halafu mwenzako anaingia mbio na watu wanapiga kelele. Msuli wa nyuma ya paja na shavu la mguu havipendi kabisa hali hiyo. Kama unakimbia, anza kupasha mwili moto robo saa kabla ya muda mnaomtarajia mwenzako, na mkiona amechelewa, endelea kutembea, usikae chini.

Maandalizi. Ni mepesi kuliko yote. Ukiwa tayari unafanya fani hiyo mara mbili au tatu kwa wiki, wiki sita hadi nane zinatosha.

Mlango wa kutokea. Watu hushangaa nikisema kwamba kwenye timu mlango huu ni mwembamba. Ukiwa peke yako unaweza kutembea, kukaa kando, kuvua namba na kwenda nyumbani. Ukiwa na wenzako wawili, muogeleaji akitoka majini kabla ya mwisho timu nzima imeishia hapo, na wale wawili hawajafanya chochote. Kwa hiyo watu huvumilia maumivu ambayo wasingeyavumilia kwa ajili yao wenyewe. Dawa ni mazungumzo wiki kadhaa kabla: waambie wazi kwamba ikifika kiwango fulani utasimama. Kama sura zao zinabadilika, tafuta timu nyingine.

Taarifa. Utajua kama bado unaipenda hali ya siku ya mbio, woga wa asubuhi, msongamano. Hutajua lolote kuhusu mguu unaokimbia baada ya baiskeli.

Inamfaa nani? Mwenye jeraha la upande mmoja ambalo bado halijakomaa, na anayekosa watu zaidi ya anavyokosa medali. Haimfai mwenye aibu ya kusema "nimesimama".

Akwabaiki

Unaogelea, unaendesha, na muda wako unaishia mwisho wa baiskeli. Wapo wanaoidharau kama mbio za wagonjwa. Shirikisho la dunia, World Triathlon, lina ubingwa wa dunia wa akwabaiki tangu 2017, na washindani wake wengi wanatembea sawasawa.

Mzigo. Hakuna kukimbia, na kwa ufa wa mfupa, gegedu la goti au kano ya kisigino hilo ni jambo kubwa. Lakini kuna mitego mitatu.

Wa kwanza uko kati ya maji na baiskeli. Njia ya kutoka ufukweni hadi eneo la kubadilishia inaweza kuwa mita mia kadhaa za sakafu ngumu, na unaipita peku, mwili umelowa, moyo uko juu. Aliyekatazwa kukimbia anakimbia hapo bila kujua. Tembelea njia hiyo siku moja kabla, waulize waandaaji kama unaruhusiwa kuacha viatu kwenye njia ya kutokea majini, na upange kutembea.

Wa pili ni kwamba huna sababu ya kujibakizia nguvu. Mwanatriathloni amezoea kuendesha akiweka akiba ya kukimbia, ila hapa akiba hiyo haina kazi, na mtu anasukuma gia nzito kuliko alivyowahi kufanya mazoezini. Goti lenye maumivu ya mbele linalipia hapo. Kisigino nacho hulipia kwenye mlima, pale unaposukuma pedali kwa nguvu huku kisigino kikishuka chini. Gia nyepesi na mizunguko mingi ni salama zaidi kwa vyote viwili.

Wa tatu ni mkao. Kama ulikuwa na mkao wa kuinamia sana kabla ya kuumia, mgongo na nyonga vya baada ya mwaka wa mapumziko si vilevile. Inua usukani kidogo na upimiwe upya.

Maandalizi. Wiki kumi hadi kumi na mbili, na unaweza kuzianza hata kabla hujaruhusiwa kukimbia. Hakuna njia nyingine katika orodha hii, ukiacha kupokezana, inayokupa nafasi hiyo.

Mlango wa kutokea. Majini unaweza kuinua mkono, na kwa kanuni za kawaida unaruhusiwa kushika boya au mtumbwi uliosimama ili upumzike, mradi usisogee mbele kwa msaada wake. Kwenye baiskeli mlango upo, ila unaweza kuwa kilomita 20 kutoka kwenye gari lako. Njia ya mizunguko kadhaa ni bora kuliko ya kwenda na kurudi.

Taarifa. Utajua hali ya theluthi mbili za mchezo kwa uhakika. Kuhusu kukimbia hutajua kitu, na utalazimika kuwatazama wenzako wakivaa viatu na kuondoka. Kuna wanaoumia sana moyoni kwa hilo, nami siwacheki. Kama unajijua kuwa ni mtu wa kusema "acha nijaribu kilomita moja tu", hii inaweza kuwa mbaya kwako kuliko sprinti.

Inamfaa nani? Mwenye jeraha la kuanzia nyonga kwenda chini, anayeogelea vizuri, na ambaye bado yuko kwenye hatua ya kutembea na kukimbia kwa zamu. Haimfai mwenye bega: kuogelea kunalichosha, kisha usukani unaliegemea.

Sprinti

Mita 750 za maji, kilomita 20 za baiskeli, kilomita 5 za miguu. Ndilo jibu la wengi, na mara nyingi ni jibu zuri, ingawa sababu wanayoitoa si sahihi. Wanasema ni fupi, kwa hiyo ni nyepesi. Ni fupi, ndiyo, na kwa sababu hiyo watu huikimbia karibu na kikomo chao mwanzo hadi mwisho.

Mzigo. Unagusa kila kitu. Kinachoitofautisha na mazoezi ni zile dakika kumi za kwanza za kukimbia baada ya baiskeli, miguu ikiwa mizito na mwendo umebadilika bila mwenyewe kutaka. Mguu ulioumia, ambao bado una woga wake, hapo ndipo huanza kukwepa, na mguu mzima hubeba zaidi. Si ajabu mtu akamaliza na jeraha jipya upande wa pili.

Njia ya kuupunguza mzigo huo ni kuamua mapema kutembea. Kanuni zinaruhusu kukimbia au kutembea. Kutambaa ndiko kunakokatazwa. Panga kukimbia dakika nne na kutembea moja tangu mwanzo, wakati bado huhitaji, na usibadilishe mpango ukiona unapitwa. Utapitwa na watu usiowatarajia, na hilo nalo ni zoezi.

Maandalizi. Wiki kumi na mbili hadi kumi na sita, zikihesabiwa kuanzia siku unapoweza kukimbia dakika 20 hadi 30 bila maumivu kupanda, si kuanzia siku uliyoruhusiwa kuvaa viatu. Ndani yake weka mazoezi ya kuunganisha, baiskeli ikifuatwa papo hapo na kukimbia kidogo, kwanza dakika tano, kisha kumi. Mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki yasifutwe pale ratiba inapobana. Hayo ndiyo watu huyafuta kwanza.

Mlango wa kutokea. Ni mpana. Wengi humaliza chini ya saa mbili, njia ya kukimbia mara nyingi huzunguka karibu na mstari wa kumalizia, na ada yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya mashindano marefu, kwa hiyo kuiacha hakuumizi sana. Kwa kigezo hiki naiona bora kuliko zote.

Taarifa. Utajua kila kitu kwa kipimo kidogo: maji, kubadili, baiskeli, kukimbia na asubuhi ya kesho yake. Asubuhi hiyo ndiyo matokeo yako halisi.

Nisiache suala la maji. Utafiti uliochapishwa 2017 katika jarida la Annals of Internal Medicine ulikusanya matukio 135 ya vifo na mioyo kusimama katika triathloni za Marekani kuanzia 1985 hadi 2016, na 90 kati yake yalitokea wakati wa kuogelea. Kwa idadi ya washiriki ni matukio machache, chini ya mawili kwa kila watu 100,000, ila wanaume wa miaka 40 na zaidi walikuwa hatarini zaidi. Mtu aliyekaa nje muda mrefu, umri umesogea na uzito umeongezeka, anapaswa kupimwa moyo pamoja na goti. Ushauri huu ni wa mashindano yote yenye maji. Siku yenyewe, ingia majini mapema upashe mwili moto kama inaruhusiwa, anzia pembeni au nyuma, na ujue kwamba suti ya mpira huinua miguu majini lakini hubana bega lililokuwa limepumzika. Kuna sprinti zinazofanyika kwenye bwawa, na kwa anayerudi ni baraka.

Ukipata supa sprinti, karibu mita 400, kilomita 10 na kilomita 2.5, ichukue bila kuona haya. Maelezo yote ya hapo juu yanabaki, ila mzigo wa miguu umekatwa nusu.

Inamfaa nani? Aliyekwisha kurudi kukimbia kwa wiki nyingi mfululizo, anayeweza kumezea matokeo mabaya. Haimfai mwenye muda wake bora wa zamani ulioandikwa ukutani.

Duathloni

Unakimbia, unaendesha, unakimbia tena. Kwa sprinti ya duathloni ni kilomita 5, 20 na 2.5.

Mzigo. Hesabu tu: kilomita 7.5 za miguu badala ya 5, na zile 5 za kwanza unazikimbia ukiwa mbichi katikati ya kundi, yaani kwa kasi kubwa kuliko zote. Kwa mguu uliopona karibuni, hii ndiyo nzito zaidi kati ya njia fupi. Kwa bega ni nyepesi mno.

Maandalizi ni ya mkimbiaji, wiki kumi na mbili au zaidi. Mlango wa kutokea ni mzuri, uko nchi kavu saa zote. Taarifa utakayopata ni nusu ya mchezo tu, kwani maji bado ni kitendawili.

Inamfaa aliyeumia bega, mkono au mtulinga, ambaye hakuacha kukimbia. Wengine wote wanaoichagua kwa kuogopa maji wanabadilisha hofu kwa jeraha.

Nusu Ironman

Kilomita 1.9 za maji, 90 za baiskeli na 21.1 za miguu. Wapo watakaosema haifai hata kutajwa hapa. Mimi naona inastahili kupimwa kwa haki, kwa sababu ina hoja mbili nzuri.

Mzigo. Siku yenyewe kasi ni ya chini, na kano hupenda kasi ya chini kuliko mikiki ya sprinti. Muda wa mwisho, mara nyingi saa nane na nusu, unampa mtu nafasi ya kutembea sehemu kubwa ya kilomita 21 na bado akamaliza. Hiyo ni hoja ya kwanza. Hoja dhidi yake ni kwamba hatari haiko siku ya mbio, iko kwenye miezi ya kabla. Mtu anaongeza mbio ndefu ya Jumapili wiki hadi wiki, saa nne za baiskeli Jumamosi, kazi katikati, usingizi pungufu. Hula kama alivyokuwa akila alipokuwa amelala. Upungufu huo wa nishati, ambao Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliupa jina rasmi mwaka 2014, unadhoofisha mifupa kwa wanaume na wanawake. Aliyewahi kupata ufa wa mfupa aliulize jambo hili kabla ya kuuliza kuhusu viatu.

Maandalizi. Miezi sita kwa uchache baada ya kukimbia vizuri, na mwaka ni bora. Hapo ndipo hoja ya pili: tarehe iliyo mbali sana inaweza kumtuliza mtu asijirushe kwenye shindano la mwezi ujao.

Mlango wa kutokea. Ni mwembamba kuliko wote. Ada kubwa imelipwa miezi mingi nyuma, hoteli imewekwa, familia imesafiri, marafiki wanafuatilia kwenye simu. Kabla hujajisajili, soma sera ya kuahirisha: je, unaweza kuhamisha nafasi yako hadi mwaka unaofuata, na hadi tarehe gani? Waandaaji wasiotoa nafasi hiyo wasipewe pesa ya mtu anayerudi kutoka jeraha.

Taarifa. Utajua mengi, lakini umechelewa kuyajua.

Inamfaa aliyeumia sehemu isiyobeba kukimbia na mwenye msingi wa miaka mingi. Mwanatriathloni wa Uingereza Tim Don aligongwa na gari Hawaii Oktoba 2017 siku chache kabla ya mashindano ya Kona, akavunjika mfupa wa shingo, na Aprili 2018 alikimbia maratoni ya Boston chini ya saa 2:50. Ni habari ya kushangaza, ila angalia kilichovunjika: shingo, si kano ya kisigino. Miguu yake ilikuwa na miongo ya mazoezi ikisubiri.

Umbali wa Olimpiki, mita 1,500, kilomita 40 na 10, sikuupa sehemu yake. Kwa anayerudi, huo ni wa mara ya pili au ya tatu.

Kwa hali yako

Kama jeraha lako ni ufa wa mfupa, hasa shingo ya paja, sehemu ya mbele ya muundi au katikati ya wayo, anza na akwabaiki au uogelee kwenye timu, na usiguse sprinti hadi picha na daktari vikubaliane. Mifupa hiyo haina msamaha.

Kama ni kano ya kisigino iliyokusumbua muda mrefu, sprinti ya kutembea na kukimbia kwa zamu ni sawa pindi idadi ya kuinukia vidole inapolingana pande zote. Kabla ya hapo ni akwabaiki yenye gia nyepesi. Duathloni iache mwaka huu.

Goti lililofanyiwa upasuaji linategemea kilichofanywa ndani yake. Kwa jumla baiskeli itakuwa rafiki yako mapema, kwa hiyo kuendesha kwenye timu ni mwanzo mzuri, kisha sprinti yenye njia tambarare ya kukimbia. Mteremko mkali huligharimu goti kuliko mlima.

Bega au mtulinga: duathloni kama hukuacha kukimbia, au mkimbiaji wa timu. Nusu Ironman inaweza kuja mwaka unaofuata bila woga mwingi, ikitanguliwa na sprinti moja yenye maji tulivu.

Kama huna maumivu tena na kinachokuzuia ni hofu, mambo yanageuka. Akwabaiki itairefusha hofu hiyo, kwani utamaliza bila kugusa kile unachokiogopa. Chukua supa sprinti au sprinti, mwambie mtu mmoja tu kwamba unashiriki, na uache saa ya mkononi nyumbani.

Kama wewe ni mshindani sana na huwezi kuendesha polepole namba ikiwa kifuani, kaa mbali na kupokezana na sprinti kwa sasa. Tafuta shindano lenye njia usiyowahi kuipita, ili usiwe na muda wa zamani wa kujilinganisha nao.

Na kama usajili unafungwa wiki hii, nawe bado hujaweza kukimbia dakika 20 mfululizo, waandikie waandaaji swali moja: nikijisajili kwa akwabaiki, naweza kuhamia sprinti baadaye, au kinyume chake, na mwisho wa kubadili ni lini? Wengi hujibu. Wakikubali, jisajili kwa ile nyepesi. Kuhamia juu wiki mbili kabla ya mbio ni rahisi moyoni kuliko kushuka.